Wiki Niliyokaa kwa Gemu za Naeku

Walinikuta jikoni napepeta maharagwe. Nikawaambia wakae, wote wawili wakakataa, kwa hiyo nikajua wamekuja na kesi.

Wa kwanza alikuwa Lemein, kijana wangu wa mwisho, dalali wa ng'ombe. Huyo leo yuko sokoni Kajiado, kesho Isinya, kesho kutwa hata mke wake hajui. Wa pili alikuwa Naeku, mtoto wa marehemu binti yangu, ambaye nimemlea mimi tangu akiwa na meno mawili. Sasa ni msichana mkubwa wa miaka ishirini na tatu. Na walikuwa wanagombania chumba.

Hicho chumba ni changu. Kiko mbele ya ploti yetu hapa Kitengela, kinaangalia barabara, na ukuta mmoja kinagawana na saluni ya jirani yangu Waruguru. Mwaka jana nilimpa Naeku, akaweka tivii kubwa, mashine ya gemu na benchi tatu, na vijana wakaanza kuja. Mimi nilikuwa nasikia tu makelele. Sikuwahi kuingia, kwa sababu kila nikipita mlangoni mtu alikuwa anapiga kelele "Ua huyo! Ua huyo!" na mimi nina presha.

Lemein akaanza, akiniita mama kwa lugha yetu. "Yeyo, mimi nataka kufungua duka la dawa za mifugo. Watu wako na mbuzi zinakohoa huko nje, na huyu anakaa kwa chumba kizuri akifundisha vijana kubonyeza."

"Anko, hiyo kubonyeza ndiyo kazi yangu," Naeku akasema.

"Kazi! Kazi ni kitu unafanya ukisimama."

"Basi wewe ndiye mtu wa kazi kabisa, maana sijawahi kukuona umekaa."

Nikaweka ungo chini. Nikamwuliza Lemein kama yeye amewahi kucheza hizo gemu. Akasema hapana, Mungu amsaidie. Nikasema hata mimi hapana, kwa hiyo hapa kuna watu wawili hawajui na mmoja anajua, na mwenye kujua ndiye tunataka kufukuza.

"Yeyo, kitu kibaya kinaonekana hata kwa mbali."

"Hata wewe kwa mbali unaonekana mtu mzima," nikamwambia. "Nipe wiki moja. Nitakaa na hizo gemu, moja kwa siku, kisha Jumamosi nitasema ni nani anabaki na chumba. Na nikisema, nimesema."

Lemein akacheka. Alijua mamake amesoma mpaka darasa la nne na hajawahi hata kuweka simu yake alamu. Akaenda zake kuagiza shelfu kwa fundi. Naeku hakucheka. Alikaa chini akaanza kuchambua maharagwe yangu ambayo nilikuwa nimeshachambua.

Jumatatu nikavaa shanga zangu za kanisani nikaingia. Vijana wa bodaboda walikuwa pale wanangoja zamu. Waliponiona wote wakasimama, wakainamisha vichwa mmoja mmoja niwasalimie. Nikaweka mkono kwa kila kichwa. Nikafikiria, hii nyumba si mbaya vile Lemein anasema.

Siku hiyo ilikuwa mpira. Naeku alinipa ile kitu ya kushika, wanaita pedi, akaniambia chagua timu. Nikachagua wale wa nguo nyekundu kwa sababu wamevaa kama watu wetu. Mpinzani wangu alikuwa Tajeu, mwenye pikipiki ya kijani, kijana mpole kabisa.

Mpira ukaanza kwangu. Nikaurudisha nyuma kwa wenzangu. Tajeu akaja mbio. Nikaurudisha kwa kipa. Tajeu akaja. Nikautoa kwa yule wa kando. Akaja huko pia.

"Koko, peleka mbele," Naeku akasema. Koko ni mimi, nyanya yake.

"Kwa nini?"

"Ufunge goli."

"Si nikifunga wananyang'anya mpira wanaanza wao? Nimeona wale wa kwanza wakifanya hivyo."

"Eeh, hiyo ndiyo sheria."

"Basi hapana. Mpira ni wangu, sioni haja ya kumpelekea."

Tulikaa hivyo mpaka ikaisha, sifuri kwa sifuri. Tajeu alikuwa analowa jasho. Alitoka nje akanunua soda akainywa yote akiwa amesimama, na mpaka leo akiniona barabarani anapunguza mwendo kwa heshima.

Maoni yangu juu ya mpira: ni gemu nzuri lakini watu wana haraka nayo. Pia wale wachezaji wanaanguka sana. Mtu mzima amepakwa mafuta, ameshiba, anaguswa kidogo anabingirika mpaka kwa jirani. Hao wangechunga mbuzi hata siku moja?

Jumanne ilikuwa magari. Nilipewa gari la bluu, chini kabisa kama sufuria, na wenzangu saba wakapewa yao. Tukaambiwa twende. Wale wengine walienda kama wameiba. Mimi nilienda pole pole, nikaangalia maghorofa ya huko, bahari, miti yao, maua kwenye kila veranda. Kuna mahali nilikuta taa nyekundu, nikasimama.

"Koko! Hakuna polisi!"

"Taa iko."

"Ni ya mapambo!"

Nikaenda. Kwa kona moja nikagonga fensi ya mtu, mbao zikaruka. Nikasimama tena. Nikazungusha gari nikarudi, nikaanza kutafuta mlango wa hiyo boma.

"Sasa unatafuta nini?" Naeku akauliza.

"Mwenye fensi."

"Koko, hakuna mwenyewe."

"Fensi imejijenga?"

Vijana walikuwa wanalia kwa kucheka, mmoja amelala kwa benchi. Lakini mimi nasema ukiangusha ua wa mtu, unashuka, unaita mwenyewe, mnaongea. Hata kama ni kwa tivii. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba tulipomaliza, niliona tumerudi pale pale tulipoanzia. Nikauliza kama hao watu wote walikuwa wanakimbia hivyo kurudi nyumbani, si wangekaa tu? Gemu ya magari siipendi. Ukitaka kuona watu wakiendesha hivyo, toka nje uangalie barabara ya Namanga.

Jumatano Naeku alisita. Alisema, "Koko, ya leo tunaweza kuruka." Nikamwambia niliahidi zote.

Ilikuwa ya kupigana. Nilipewa msichana mmoja aliyesahau sketi nyumbani. Mbele yake akasimama mzee, mzee kabisa, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Naeku ndiye alikuwa anamwendesha huyo mzee. Nikauliza, "Huyu binti anapigana na huyu mzee?"

"Eeh."

"Mzee amemkosea nini?"

"Hawajakoseana. Wanapigana tu."

"Hawajasalimiana?"

Sasa hapo nikaona siwezi. Nimezaliwa kwa watu ambao mtoto akimwona mzee anainama, anaguswa kichwa, ndiyo maneno mengine yafuate. Nikauliza kitufe cha kuinama ni gani. Naeku akanionyesha, kile cha chini. Nikakibonyeza nikakishikilia. Msichana wangu akainama vizuri sana, hata goti likakaribia kugusa chini. Nikamngojea mzee alete mkono.

Mzee akaleta teke.

Lakini teke likapita juu, kwa sababu mimi niko chini nasalimia. Akaleta lingine, likapita. Akaruka, akapiga ngumi tatu kwa hewa. Mimi bado niko pale, nimeinamisha kichwa.

"Naeku, huyu mzee hana adabu."

"Koko, inuka upigane!"

"Sijajibiwa salamu."

Mkono wangu ukachoka, kidole kikateleza kwa kitufe kingine, na msichana wangu akatoa mguu akamfagia mzee miguu yote miwili. Mzee akaenda chini na ndevu zake, hakuamka. Maandishi makubwa yakatokea kwamba nimeshinda. Vijana wakapiga makofi. Mimi sikufurahi. Nilimwambia mzee pole kwa Kimaa, ili hata kama hasikii, niwe nimesema.

Ya kupigana, maoni yangu ni kwamba inaweza kubaki, lakini waweke kwanza kitufe cha salamu.

Alhamisi Lemein alinipigia simu. Shelfu ziko tayari, fundi amezipaka rangi. Nikamwambia sawa. Akauliza, "Na wewe, bado unacheza?" Nikamwambia leo niko na ng'ombe.

Ilikuwa gemu ya shamba. Unapewa ardhi, trekta, na ng'ombe. Nilisogea mbele na kiti changu. Ng'ombe wenyewe walikuwa wazuri kwa umbo, lakini wote walikuwa rangi moja, mabaka yale yale, kama sare za shule. Sasa utaitaje mmoja? Nikamwuliza Naeku majina yao, akasema hawana. Nikawapa. Nilikuwa naanza kumzoea mmoja, namwita Nado, nikaona kule juu kwa kona ya tivii kuna namba.

"Hiyo ni nini?"

"Ni idadi ya ng'ombe zako."

"Toa."

"Haitoki, Koko. Iko ndani ya gemu."

Ng'ombe hawahesabiwi hivyo hadharani, mbele ya kila mtu, namba iko juu inawaka. Unaita hasara. Nikaenda kwa Waruguru saluni akanipa kitambaa cha kufungia nywele, Naeku akapanda kwa benchi akakibandika kwa kona ya tivii. Wateja waliofuata walicheza mpira mchana wote bila kujua magoli ni mangapi, kwa sababu mimi nilikataa kitolewe. Walilalamika kwa adabu.

Halafu nyasi ikakauka. Nikashtuka. Nikasema, "Sasa?" Naeku akabonyeza kitu, na mvua ikanyesha.

Nilikumbuka ule mwaka wa ukame tulisimama pale nyumbani upande wa Isinya tukiangalia juu kila asubuhi, na vile Nado wa ukweli, ng'ombe wetu, alilala chini akakataa kuinuka, na Lemein alimwinua kwa mkia akilia kama mtoto mdogo. Na hapa msichana anabonyeza tu. Sikupenda vile ilikuja rahisi.

Kisha nikamwambia abonyeze tena.

Ijumaa ndiyo ilibadilisha mambo. Ni ile ya "Ua huyo". Watu mia moja wanaangushwa kwa kisiwa kutoka kwa ndege, wanauana mpaka abaki mmoja. Nilikuja nikiwa nimejitayarisha kuichukia. Nikashuka na mwavuli wangu mahali peke yangu, nikatembea kidogo, nikaona choo cha mabati. Nikaingia nikafunga mlango nikachuchumaa.

"Koko, toka utafute bunduki."

"Ya nini? Mimi sina ubaya na mtu."

Huko nje bunduki zinalia. Namba ya watu walio hai inashuka: themanini, hamsini, ishirini. Hiyo ya watu sikuifunika. Wale ni wajinga, wacha wahesabiwe. Mimi niko chooni. Vijana walianza kusogea karibu na tivii. Nilipokuwa msichana, fisi alikuwa anakuja kwa zizi la ndama, na baba alikuwa ananiweka ndani ya zizi peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kukaa bila kupumua kwa nguvu mpaka fisi aingize kichwa, ndipo nimpige. Hiyo kazi naijua.

Wakabaki kumi. Wakabaki watano. Wakabaki wawili, mimi na mwingine. Huyo mwingine alikuwa anazunguka huko nje ananitafuta, nasikia viatu vyake. Akafungua mlango wa choo. Nadhani alishtuka kuona mtu, kwa sababu alikaa tu, na mimi nikampiga ngumi kadhaa mpaka akaanguka.

Hicho chumba kililipuka kwa kelele. Tajeu alinibeba na kiti changu. Waruguru akaja mbio na kitana mkononi, akiuliza, "Nani amekufa? Nani amekufa?" Naeku akamwambia, "Wote! Wote wamekufa isipokuwa Koko!"

Sasa hapa ndipo nilikosea, na nasema wazi kwamba ni mimi. Furaha ilinijaa. Na sisi kitu kikikufurahisha unakibariki, huwezi kukiacha hivi hivi. Nilienda nyumbani nikaleta kibuyu cha maziwa na nyasi mbichi, nikasimama mbele ya ile mashine, nikaiombea kwa Mungu wetu, Enkai. Nikachovya nyasi nikanyunyiza. Enkai akupe maisha. Nikanyunyiza. Enkai akupe watoto. Nikanyunyiza vizuri, kwa yale matundu ya juu, ili baraka iingie ndani.

Mashine ikasema "tsss" na taa yake ikazima.

Naeku hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliichomoa, akaifunga kwa shuka langu kama mtoto, akaipeleka kwa Burhan, fundi wa simu karibu na stendi. Alirudi mikono mitupu, akakaa kwa benchi, akasema, "Kesho ni Jumamosi, Koko." Nilikuwa nimeombwa niamue kesi, na sasa nimeua ng'ombe wa upande mmoja.

Jumamosi Lemein alifika na pikapu. Shelfu ziko nyuma zimefungwa kamba, za kijani, nzuri kweli. Alishaambiwa. Saluni ya Waruguru haina siri.

"Yeyo, hata Enkai amesema. Umeibariki, na yeye akakataa."

"Enkai hana shida na maziwa," nikamwambia. "Ngoja."

"Tungoje nini?"

"Fundi."

Alikaa. Akasimama. Akaenda akaangalia pikapu, akarudi, akapiga simu, akauliza kama tungeanza kushusha tukingoja. Burhan akaja, si baada ya muda mrefu, na shuka langu mkononi.

"Asalaam aleikum, mama. Mimi nimefungua simu zilizoanguka kwa choo, kwa uji, kwa damu ya mbuzi. Hii ni ya kwanza nakuta mtindi."

"Imepona?"

"Nimeosha na spiriti nikaanika. Itafanya. Lakini ikipata moto itanuka."

Akaiwasha. Ikawaka. Ikanuka. Naeku akafunika uso na mikono yote miwili.

Lemein akasema, "Haya, imewaka. Sasa Yeyo, sema."

"Nitasema. Lakini mimi nimekaa hapa siku tano. Kaa wewe hata nusu saa, ndiyo tuwe sawa. Naeku, mpe ile ya choo."

Alikubali kwa sababu alitaka kumaliza. Akaangushwa kwa ndege, na badala ya kwenda kando kama mtu mwenye akili, akashuka katikati ya mji, kwa watu wote. Akafa kabla hajasimama vizuri.

"Sikuwa tayari. Rudisha."

Akarudishwa. Akakimbilia nyumba moja, hakuna kitu, akakimbilia nyingine, akafa mlangoni.

"Hii pedi ina maziwa! Rudisha."

"Anko, jifiche," Naeku akamwambia. "Koko alijificha."

Akajificha nyuma ya mti. Nikaanza kuhesabu kimya kimya. Sikufika ishirini. Akatoka kwenda kuona ni nani anapiga bunduki, na huyo mtu akamwonyesha. Hapo simu yake ikalia, ni mtu wa kununua ng'ombe madume kutoka Kajiado, akainuka na pedi mkononi akaenda nje, waya ukavutika, Burhan akadaka mashine kwa tumbo.

Aliporudi nikamwuliza. "Lemein, hilo duka la dawa litafunguliwa saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Mpaka?"

"Mpaka jioni."

"Na atakayekaa ndani ni nani?"

Nikamngojea. Huyu ni mtoto ambaye nilikuwa namtuma kuchunga ndama, na saa nne asubuhi anarudi nyumbani kuniambia ndama wako salama, akiwa amewaacha.

"Nilikuwa nafikiria kuweka mtu," akasema.

"Mtu gani?"

Akaangalia chini. Akaangalia shelfu. Halafu kwa sauti ndogo akasema, "Nilikuwa nafikiria Naeku."

Waruguru, ambaye alikuwa mlangoni anajifanya anafagia, aliangusha ufagio.

"Anko!" Naeku akasema. "Unifukuze kwa chumba ili uniajiri kwa hicho hicho chumba?"

"Wewe unajua kukaa," Lemein akasema, na nadhani alikuwa anamsifu.

"Basi nimesema," nikasema mimi. "Wote wawili mmekubaliana mtu wa kukaa humu ni Naeku. Akae. Atakachokaa nacho achague mwenyewe."

Lemein alinuna kidogo, lakini kununa pia kunataka subira, kwa hiyo hakukaa nako. Naeku akamwomba shelfu moja. Akaifunga kwa ukuta, juu kabisa, karibu na dari, akaweka mashine hapo. Nikamwuliza kwa nini juu hivyo, hata yeye anaifikia kwa kupanda benchi.

"Ili ukiibariki, Koko, uibariki kwa mbali."

Kibuyu kilikuwa bado na maziwa kidogo, na si vizuri kurudisha. Lemein akainamisha kichwa, nikamnyunyizia yeye. Nikamwombea subira. Akaingia kwa pikapu akinuka kama ile mashine.

Wiki iliyofuata mtu wa madume alinipigia mimi, kutoka sokoni Kajiado. Alikuwa amemtafuta Lemein asubuhi yote. Akasema amempata nyuma ya lori, amechuchumaa na simu inayolia bunduki, hataki kuinuka wala kujibu salamu, anapunga tu mkono watu wanyamaze.

Nikamwuliza, "Wamebaki wangapi?"

Nikasikia akiuliza. Akarudi kwa simu. "Anasema wanne."

"Mwache," nikamwambia. "Ngoja kidogo."